Sheria Ilisemaje Siku Ile?

Mtaani kwetu Jang'ombe, hapa mjini Unguja, kila mtu ni mwanasheria. Kaa barazani baada ya sala ya isha, subiri ubishi wa mpira wa Taifa ya Jang'ombe na Jang'ombe Boys upoe, na utawasikia wazee kwa vijana wakikatiana hukumu. Sheria inasema aliyekaa miaka kumi na mbili hatolewi. Sheria inasema mti ni wa aliyeupanda, hata kama ardhi si yake. Sheria inasema mwari akishika mimba anafungwa. Nimezaliwa na kukulia katika mabaraza hayo. Baadaye nikafanya kazi ya ukarani kwa wakili mmoja pale Vuga, kisha usaidizi wa sheria mtaani kwetu, na katika miaka yote hiyo nimekutana na waongo wachache sana. Wengi wanasema kweli, ila ni kweli ya mwaka mwengine, au ya upande wa pili wa bahari.

Aliyenifunza kuitenga kweli ya leo na ya jana ni karani mkuu wa ofisi ile ya Vuga. Tulimwita Maalim kwa sababu alisomesha skuli kabla ya kuingia katika kazi ya sheria. Kabatini mwake mlikuwa na majuzuu ya Sheria za Zanzibar za wakati wa Sultani na Mwingereza, zilizopangwa kwa Sura: Ushahidi Sura ya 5, Mwenendo wa Madai Sura ya 8, Adhabu Sura ya 13, Usajili wa Hati Sura ya 99, Mikataba Sura ya 149. Pembezoni mwa kurasa mlijaa maandishi yake ya kalamu ya risasi, na mahala pengine alibandika kwa gundi vipande vya Gazeti Rasmi la Serikali. Kifungu kilichofutwa hakukichana wala hakukifuta kwa wino mzito. Alikipitishia mstari mwembamba ili maneno yaendelee kusomeka, na kando yake akaandika nambari ya sheria iliyokiondoa na tarehe.

Nilimuuliza kwa nini anatunza maneno yaliyokwisha kufa.

"Kwa sababu kesi ya leo jambo lake limetokea jana, mwanangu," alinijibu. "Mtu kauza shamba zamani, kafa juzi, wanawe wanagombana leo. Utampimia kwa sheria ipi? Usiniulize sheria inasemaje. Niulize ilisemaje siku ile."

Hapa kwetu swali hilo ni zito kuliko linavyosikika. Mapinduzi ya 1964 yaliondoa utawala kwa usiku mmoja, lakini hayakuzifuta sheria zote kwa usiku huo. Dikrii ya Adhabu, ile Sura ya 13 ya kabatini, iliendelea kufunga na kutoza watu faini mpaka ilipokuja Sheria ya Adhabu Nambari 6 ya 2004, nayo ikapishwa na Sheria Nambari 6 ya 2018. Dikrii ya Ushahidi ilidumu mpaka Sheria ya Ushahidi Nambari 9 ya 2016. Kuna watu waliozaliwa baada ya Mapinduzi, wakasoma, wakaoa, wakapata wajukuu, na muda wote huo ushahidi wao mahakamani ukapimwa kwa maandishi ya zama za Sultani. Na ukichimba zaidi utaikuta tarehe 7 Julai 1897, siku ambayo sheria za jumla za Uingereza zilizokuwa zikitumika huko zilipokelewa kuwa sehemu ya sheria za Zanzibar. Kabla na baada ya hapo ziliingia pia sheria za Kihindi, kwani kwa miaka mingi rufaa za mahakama ya Mwingereza hapa zilivuka bahari kwenda Bombay. Sheria za visiwa hivi zimejengwa kama nyumba ya Ng'ambo, upande wa mji wenye mitaa kama Jang'ombe yetu: ukuta wa mbele matofali mapya, nyuma yake chumba cha udongo na boriti, uani banda la bati, na anayekaa ndani hajapata kuvunja yote akaanza upya.

Kesi iliyonithibitishia maneno ya Maalim haikufika mahakamani kabisa. Ilikuwa ya jirani yetu, bi mkubwa mmoja anayekaa katika nyumba aliyoirithi kwa mama yake. Siku moja alifikiwa na mgeni kutoka Maskati, mtu mzima mwenye adabu zake, amekuja na nakala ya hati. Hati inasema kiwanja kile babu yake alikinunua katika miaka ya 1930, na mipaka iliyotajwa iliingia sawasawa katika kiwanja cha bi mkubwa.

"Mimi, mama, sikuja kugombana," alisema. "Natafuta haki ya marehemu babu yangu tu."

"Na mimi, mwanangu, sikudhulumu mtu," bi mkubwa akamjibu. "Nyumba hii kaijenga mama yangu, na kodi ya kiwanja akilipa. Stakabadhi ninazo ndani ya kasha."

Niliitwa nisome karatasi za pande zote mbili. Hati ilikuwa ya kweli, imesajiliwa. Stakabadhi nazo zilikuwa za kweli, zimepauka lakini zinasomeka. Mtu wa leo akizitazama pamoja atadhani lazima moja imeghushiwa, maana yeye amezoea kwamba mwenye nyumba ndiye mwenye pale ilipo. Ng'ambo ya zamani haikuwa hivyo. Kiwanja kilikuwa na mwenyewe na nyumba ilikuwa na mwenyewe, na kila mwezi mwenye nyumba humlipa mwenye kiwanja kodi. Kodi hizo zilipopandishwa katika miaka ya 1920, wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa mwaka 1928, na Serikali ikalazimika kuziwekea mipaka kwa dikrii. Kwa hiyo sheria ya siku ile iliwakubali wote wawili: babu wa mgeni kwa ardhi, mama wa bi mkubwa kwa kuta na paa. Zile stakabadhi ambazo bi mkubwa alizitunza kuwa ngao yake, kwa sheria ya wakati wake zilikuwa pia ushahidi kwamba ardhi si ya mama yake.

Lakini safari ya hati haiishii siku ilipoandikwa. Machi 1964 Mzee Karume, Rais wa wakati huo, alitangaza kwamba ardhi ni mali ya Serikali, na Dikrii ya Ardhi ya Serikali Nambari 13 ya 1965 ikalitia jambo hilo katika maandishi. Watoza kodi wa viwanja hawakubisha hodi tena Jang'ombe. Kisha Sheria ya Umiliki wa Ardhi Nambari 12 ya 1992 ikasema kuwa ardhi asilia yote ya Zanzibar ni ya umma na imekabidhiwa Rais, na kwamba kinachoweza kushikwa na mtu ni haki ya matumizi. Ulibaki mlango mmoja wa kuuchungulia: kama kiwanja kile kiliwahi kuwekwa wakfu, habari zingekuwa nyengine na anayeulizwa angekuwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Tukatafuta, hatukuona dalili ya wakfu.

Mgeni aliyasoma mwenyewe, sheria moja baada ya moja, kwa mpangilio wa miaka. Hakufurahi, na sikumtarajia afurahi. Kwake yeye maandishi ya 1965 ni mali ya babu iliyochukuliwa. Kwa bi mkubwa ni siku mama yake alipoacha kulipia mahala anapolala. Utafiti wa sheria hauwezi kuamua nani kati yao amlaumu nani. Unachoweza ni kuwaonesha kwamba ugomvi wao si wao kwa wao. Tangu siku hiyo mgeni hakubishana tena na bi mkubwa. Alibishana na tarehe.

Watu wa mtaani walitaka tuishie hapo, tunywe kahawa, tumshukuru Mungu. Nilipoendelea kusoma ndipo ilipojitokeza sehemu ambayo hakuna aliyeiuliza. Ile ile sheria ya 1992 iliyomzuia mgeni ilikuwa na swali kwa bi mkubwa: haki yako ya matumizi ya ardhi iko wapi? Alikuwa na stakabadhi za kumlipa mwenye kiwanja ambaye sheria ilishamwondoa, na hakuwa na karatasi yoyote kutoka kwa Serikali iliyochukua nafasi yake. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Tukaanza kwa sheha wa mtaa, tukaenda Kamisheni ya Ardhi, na ikabidi apitie hatua za utambuzi na usajili wa ardhi zilizowekwa kisheria. Nimejifunza hapo kwamba kifungu kinachokupendelea si mahala pa kufungia kitabu. Anayetafuta sheria ili ashinde huacha kusoma mapema mno.

Lilibaki swali langu mwenyewe: desturi hii ya nyumba mbali na kiwanja mbali ilikamatana vipi na maisha ya watu wa Ng'ambo? Kutoka Jang'ombe mpaka Nyaraka za Taifa pale Kilimani ni mwendo wa miguu, nikawa nakwenda kila nilipopata nafasi. Unajaza fomu, unaacha mkoba na kalamu ya wino, unasubiri faili lako. Pale ndipo nilipoyaona magazeti ya kwanza ya Serikali, yaliyoanza kutoka mwaka 1892, ambamo matangazo ya kisheria yamekaa jirani na habari za mji. Na pale ndipo nilipojifunza kutokiamini kichwa cha sheria mpaka nimeusoma mwili wake.

Mfano wake mkubwa ni dikrii ya Sultani Ali bin Said ya tarehe 1 Agosti 1890 dhidi ya biashara ya utumwa. Ilipiga marufuku kuuzwa na kununuliwa kwa watumwa, na ikampa mtumwa haki ya kujikomboa kwa kulipa thamani yake. Anayeisoma peke yake atatoka na furaha. Lakini kabla ya mwezi huo kwisha lilitoka tangazo jengine lililoiondolea nguvu haki hiyo ya kujikomboa. Mwandishi asiyefungua ukurasa unaofuata atahadithia uhuru ambao watu hawakuupata.

Kisha ikaja dikrii ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya Aprili 1897, iliyoondoa hali ya utumwa isitambuliwe tena kisheria. Skuli tulifundishwa mwaka huo kuwa ndio mwisho wa utumwa Unguja na Pemba. Ukiisoma kifungu kwa kifungu unakuta kwamba uhuru haukumfuata mtu alipo. Yeye ndiye aliyetakiwa auendee mahakamani akauombe. Masuria waliachwa nje, na hawakuguswa mpaka dikrii ya 1909. Na aliyepata uhuru wake alilazimika kuonesha kwamba ana mahala maalumu pa kukaa na njia ya kujipatia riziki, ama sivyo atahesabiwa mzururaji.

Kifungu hicho cha makaazi nilikisoma mara nyingi. Mtu anaambiwa yuko huru, na papo hapo anaambiwa athibitishe anakaa wapi, naye hana ardhi. Kiwanja cha kukodi na kijumba cha udongo, kwa mtu kama huyo, havikuwa starehe ya mjini. Vilikuwa sehemu ya uhuru wenyewe. Ndipo nilipoelewa kwa nini mama wa bi mkubwa na wenziwe walizitunza stakabadhi ndani ya kasha pamoja na dhahabu. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika Ng'ambo ile hata mtu angeweza kupotea bila daftari.

Sheria ikishapata tarehe, bado inataka kuulizwa kwao wapi. Hili ndilo linalowachanganya vijana wetu wa simu. Mmoja aliwahi kuniletea karatasi alizozichapisha, kazitia wino wa njano, akiwa na furaha ya aliyefika mwanzo. Ilikuwa Sheria ya Ardhi Nambari 4 ya 1999.

"Hii ya Bara," nikamwambia.

"Si Tanzania moja, kaka?"

Tanzania ni moja, na ardhi si jambo la Muungano. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 132, inasema kuwa sheria inayopitishwa na Bunge haitumiki Zanzibar mpaka iwe inahusu mambo ya Muungano, na Waziri anayehusika aifikishe mbele ya Baraza la Wawakilishi. Vivyo hivyo, Sheria ya Ndoa ya 1971 inayosomwa Dar es Salaam haiwahukumu wanandoa wa Jang'ombe. Waislamu wa hapa mambo yao ya ndoa na mirathi yako kwa Kadhi, na mahakama hiyo ina sheria yake, Nambari 9 ya 2017. Hata nambari za Sura huchezea macho. Kanuni ya Adhabu ya Bara ni Sura ya 16, Dikrii ya Adhabu ya hapa ilikuwa Sura ya 13. Bara wamezipanga upya sheria zao katika matoleo ya 2002, 2019 na 2023, na anayetaja Sura bila ya kutaja ya wapi na toleo gani ametoa anwani isiyo na mtaa.

Kati ya yote niliyoyaona, lililonisikitisha zaidi ni jinsi sheria iliyofutwa inavyoweza kuendelea kutisha. Katika shughuli moja ya harusi nilimsikia mama akimwambia binti mjamzito asiye na mume kwamba atafungwa, na binti akilia kimya kimya nyuma ya jiko la pilau. Mama yule hakutunga. Sheria Nambari 4 ya 1985 iliruhusu kifungo kwa mwanamke wa namna hiyo. Lakini mwaka 2005 ilitungwa nyengine ya kumlinda mwari na mtoto wa mzazi mmoja, ikaondoa jela na kuweka kazi za jamii mahala pake. Miaka ilikuwa imepita, na jela ile bado ilikuwa imesimama kichwani mwa mama yule na mwa binti pia. Nilitaja mwaka na nambari, nikatafuta nakala nikawapelekea. Kutangaza sheria mpya ni kazi moja. Kutangaza kwamba ya zamani imekufa ni kazi nyengine, na hiyo mara nyingi haina mwenyewe.

Vijana wanaokuja kujifunza usaidizi wa sheria huniuliza waanzie wapi. Huwaambia waanze kwa kuandika juu ya karatasi tarehe ya jambo lenyewe: lini aliuza, lini alifariki, lini aliajiriwa. Kisha waifungue sheria kwa nyuma, palipo na kifungu cha kufuta na kubakiza, maana hapo ndipo sheria mpya inapotaja imemzika nani na imeacha nini kiendelee. Waangalie siku ya kuanza kutumika. Siku ya kupita Baraza la Wawakilishi ni moja, ya Rais kutia saini ni nyengine, na sheria nyengine husubiri tangazo la Waziri. Watafute marekebisho yote yaliyofuata, mpaka ya mwisho. Waulize kama kanuni zimetungwa, kwa sababu sheria inayosema "kwa namna itakavyoelezwa" haijamwambia mtu afanye nini. Na wasome maandishi yenyewe, wasisome habari za maandishi. Siku hizi kuna mitandao ya kuwekea sheria na hukumu za Bara na za Zanzibar, na kazi iliyomchukua Maalim wiki nzima huweza kumalizika asubuhi moja. Lakini intaneti humpa mtu kilichowekwa, na huwa haimwambii kilichokosekana. Kalamu ya risasi ya Maalim ilikuwa inataja vyote viwili.

Mahakamani husemwa kwamba kutojua sheria si utetezi. Mahakimu wanalazimika kulishika neno hilo, ama sivyo kila mshitakiwa angedai hajui. Nalikubali, lakini nalidai upande wake wa pili. Kama bi mkubwa wa Jang'ombe anahesabiwa kuijua dikrii ya 1965, sheria ya 1992 na marekebisho yote yaliyokuja baadaye, basi Serikali inadaiwa kuziweka mahala ambapo mkono wake unafika, kwa Kiswahili anachokisoma, zikiwa na alama ya kilichofutwa na tarehe yake. Kwa sheha wetu kuna muhuri, kuna daftari la wakaazi, kuna benchi la kusubiria zamu. Juu ya meza ile panatosha kuwekwa sheria za ardhi, za mtoto, za ajira na za Kadhi, pamoja na mtu aliyefunzwa kuzisoma. Hilo ni deni, na deni huandikwa lilikopwa lini na litalipwa lini.